Globu Niliyoihamisha

Tumati, jioni

Mwanangu Paskalina,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, uko Bashay kumuaga bibi yako, lakini nimeona nitangulize kuitikia, maana ukimaliza kusoma barua hii huenda shikamoo yako ikachelewa njiani.

Naandika nikiwa ndani ya pikapu, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Ndani ya nyumba hakukaliki. Mama yako anafunga mizigo yako kama anahamisha zahanati nzima, na kila ninapokaa naambiwa nisogee. Maneno ya chandarua, ya kutoazima nguo zako ovyo, ya kuandika barua kila mwezi, hayo ameshakupa na kesho atayarudia, kwa hiyo mimi siyagusi. Mimi nina neno moja tu, nalo limekaa kifuani kwangu tangu ukiwa na miaka tisa.

Jana ndipo liliponikaba. Unakumbuka tulivyobadilisha globu ya dashibodi. Taa ya kumulika geji ilikuwa imeungua, na sikutaka kukupeleka kituoni alfajiri huku nabahatisha mafuta yamebaki kiasi gani. Nikatoa kichwa cha betri, wewe ukafungua skrubu nne kwa bisibisi, tukalivuta bamba la geji taratibu, nikapitisha mkono nyuma kulegeza waya wa spidi. Lakini wewe ndiye uliyeifikia, kwa vidole vyako vyembamba. Ukazungusha kishikio kidogo tu, ukachomoa globu, ukainyanyua juani. Kioo chake kilikuwa cheusi kama tako la sufuria ya makande. Nikakupa mpya niliyonunua Dongobesh. Siku hizi spea unazikuta hata kwa muuza chumvi. Ukaipachika, ikawaka, tukashangilia kama watoto. Halafu ukachungulia tena kule nyuma na tochi yako ukasema, "Baba, hii ya taa ya oili inafanana nayo kabisa. Kumbe mtu akikwama anaweza kuihamisha."

Nikapaliwa. Ukanipigapiga mgongoni, ukasema ni vumbi. Halikuwa vumbi, Paska.

Turudi nyuma kidogo. Zilikuwa zile enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na sisi bado tunaitwa watu wa Arusha, hakuna aliyeota kwamba Manyara litakuja kuwa jina la mkoa. Vitu vikaanza kuingia: mitumba, redio za kaseti, sabuni zenye harufu ya maua. Na magari. Mpaka hapo pikapu yangu ilikuwa ndiyo mfalme wa barabara hii, kwa sababu tu ilikuwa peke yake. Mara akatokea kijana mmoja na basi dogo lenye mapazia na muziki, na dashibodi yake inawaka kijani utadhani ni sikukuu. Yangu ilikuwa giza miezi kadhaa. Abiria wakipanda mbele alfajiri wananiuliza, "Baba Paska, hili gari lako linaona kweli?" Nacheka nao, moyoni naungua.

Globu mpya wakati huo ilikuwa umuagize mtu Arusha mjini, na akirudi anakuambia amesahau. Sasa nikapata safari ya kupeleka vitunguu saumu na watu mnadani Basotu, na Mzee Tluway akaniambia atapanda mbele. Unamjua Mzee Tluway. Akimsifu ng'ombe wako leo, kesho Tumati yote inakuja kumtazama. Akimkosoa, hutamuuza mpaka afe. Nikasema, huyu leo ataikuta dashibodi yangu inang'aa.

Jioni ya kuamkia safari nikafungua bamba kama tulivyofanya jana. Nikachomoa globu ya taa nyekundu ya oili, nikaipachika kwenye nafasi ya taa ya geji. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Wewe unajua kazi ya ile taa: ukigeuza ufunguo inawaka, injini ikishika inazimika, na ikiwaka ukiwa njiani ujue oili imekwisha, usimame hapo hapo. Haina kazi nyingine. Na kwa kuwa haikuwahi kuwaka njiani tangu ninunue gari, nikaiona kama mtu anayekula bure.

Sasa sikiliza vizuri. Nilijua sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili, inavuja. Kila asubuhi palikuwa na doa pale ninapoegesha, na mama yako alikuwa akinionyesha kwa ncha ya ufagio. Nikamwambia gari zee hutokwa jasho. Jioni ile ile nilikuita uongeze oili, kazi uliyoipenda kuliko kucheza. Ukapanda juu ya ndoo, ukamimina ile kidogo iliyobaki kwenye kopo, ukafunga mfuniko kwa mikono miwili mpaka ulimi ukatoka nje. Nilikuwa nimesimama pale. Nilikuona unaufunga.

Alfajiri tukaondoka, wewe umekaa katikati yangu na Mzee Tluway, na nyuma juu ya magunia watu kumi. Nikageuza ufunguo. Geji zote zikang'aa! Mzee Tluway akagonga dashibodi kwa kidole, akasema, "Ehee! Sasa hili ni gari." Wacha bwana, nilijisikia kama nimelinunua siku hiyo. Na wewe, kwa ile sauti yako ya kengele, ukasema, "Baba, leo jicho jekundu halijafunguka."

Ulikuwa unaliita jicho. Kila asubuhi ulilisalimia likifunguka na kuliaga likifumba, na mimi nilikuwa nakusikia na kufurahi.

Lakini hapa kwetu unajua mwiko wake: safari inapoanza mtu hataji baya. Mzee Tluway alikukata jicho, akatema mate dirishani kuondoa mkosi. Nami badala ya kuzima gari nikakukaripia. "Nyamaza! Mtoto gani anafungua safari kwa mdomo mbaya?" Mpaka tunapita Haydom hukusema neno, na wewe ulikuwa mtoto wa kuhesabu kila punda barabarani.

Jua lilikuwa limeshapanda, hata zile taa za geji hazikuwa na kazi tena. Tulikuwa tumeiacha Haydom kidogo, mlima Hanang uko mbele yetu umejifunika wingu, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko. Nikajidanganya ni jiwe. Ikagonga tena, ikalia mlio mmoja mrefu, ikanoki. Gari likasimama katikati ya uwanda.

Nikashuka wa kwanza, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu kabisa. Pale pale nikaelewa yote: ile sili, lile doa, ile globu, na wewe na jicho lako. Nikasikia watu wanashuka. Mzee Tluway anakuja huku anajifunga blanketi lake vizuri, na mimi tayari nasikia midomo ya Tumati nzima: Baba Paska kaua gari lake mwenyewe kwa ajili ya urembo. Mkono wangu ukaenda kwenye mfuniko wa oili. Nikaufungua, nikautia mfukoni mwa koti.

Ndiyo, mwanangu. Mfuniko ulikuwepo. Tena ulikuwa umekazwa, nilitumia nguvu kuufungua.

Walipofika nikasema, "Aisee, mtoto hakufunga mfuniko jana. Oili yote imemwagika njiani." Ulikuwa umesimama karibu na tairi. Ukasema, "Nilifunga, baba." Nikakujibu, "Ungefunga ungekuwepo." Ukaitazama mikono yako, mmoja, kisha mwingine. Nimekula, nimelala, nimecheka miaka kumi tangu siku ile, na ile mikono miwili bado naiona.

Yaliyofuata unayajua, maana watu hawajachoka kuyasimulia. Mzee mmoja wa Kibarabaig akatuonea huruma, akaleta maksai wanne, wakatuvuta kurudi Haydom. Watu walishika mbavu. Pikapu inavutwa na ng'ombe, na mimi nimekaa kwenye usukani nakata kona kwa adabu, hata mkono nikautoa dirishani kuonyesha nageukia kushoto! Mke wa yule mzee alikuwa amekupa kibuyu cha maziwa, nawe umekikumbatia tu, hunywi. Ndipo Mzee Tluway akakuambia kwa upole kabisa, "Kunywa, Mfuniko." Watu wakaangua kicheko. Jina likazaliwa pale, na mpaka leo ndilo jina lako kuanzia kanisani mpaka kisimani. Mfuniko amefaulu. Mfuniko anakwenda chuo. Hata mimi nakuita hivyo, Mungu anisamehe, na huwa naliita kwa mapenzi.

Fundi wa Haydom hakudanganyika. Alitazama juu ya injini, akanivuta pembeni. "Mbona huku pakavu? Mfuniko ungeruka, oili ingetapakaa mpaka kwenye kioo." Akageuza ufunguo. "Na taa yako nyekundu iko wapi?" Nikamwambia afanye kazi yake. Akaifanya. Lakini tangu siku hiyo hajaniita tena Baba Paska, ananiita dereva tu.

Ili injini ifufuke, tulimtoa yule ng'ombe wa mama yako mwenye doa jeupe usoni, tuliyekuwa tumemweka kwa rafiki yetu kule Hanang. Unajua mama yako alivyompenda. Hakukupiga. Ila mwezi mzima kila jioni ulisikia, "Funika sufuria, Paska. Funika vizuri."

Sasa una miaka kumi na tisa na unafunika kila kitu mara tatu. Ndoo ya maji, pipa la mahindi, chupa ya chai ambayo mimi mwenyewe nimetoka kuifunga. Ukishalala unaamka kwenda kugusa kifuniko cha mtungi, halafu unarudi tena kukigusa. Ndugu zako wanasema, "Mfuniko yuko doria," tunacheka, nawe unacheka. Mimi nacheka kwa sauti kuliko wote. Ningekuwa na haya ningenyamaza.

Na hukukaa tena mbele. Ulisema unapenda upepo wa nyuma, juu ya magunia. Wala hukuniambia tena jambo baya. Ulipokuwa darasa la saba uliugua malaria siku mbili bila kusema, nikakukuta umejilaza kwenye banda la ndama, unachemka. Nilipokuuliza mbona umenyamaza, ukasema, "Ulikuwa na safari ya Mbulu, baba. Sikutaka kuiharibu." Nilikubeba mpaka kwenye gari, siku hiyo tu nikakulaza mbele, na nililia mpaka tunafika hospitali. Ukaniambia nifunge kioo, vumbi linaniumiza macho. Wewe na vumbi lako!

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na ilikuwa bado inaendelea. Usidhani sikujaribu kusema. Siku ya kipaimara chako nilisimama kutoa neno, nikaanza, "Huyu binti yangu...", watu wakapiga makofi, nikakaa. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilianza vizuri kabisa, mara Mzee Tluway akaingia na jogoo wa pongezi. Mara ya tatu nilikuwa nimekunywa kidogo, nikamwambia ng'ombe. Alisikiliza vizuri sana, lakini ndiyo hivyo.

Unakwenda kusomea uuguzi, na mimi kuhusu uuguzi sijui lolote zaidi ya sindano inauma. Ninachokijua ni uwongo, huo nimeusomea. Ule wa siku ile ulikuwa mdogo, unaingia mfukoni. Ningeutoa jioni ile ile, watu wangenicheka wiki moja kisha wangepata la kuzungumza lingine. Nikasema kesho. Kesho yake ukawa umeota mizizi, na mwezi uliofuata ukawa umeshakula ng'ombe na jina la mtoto. Huko nako utakosea, nani asiyekosea. Utampa mgonjwa wa kitanda hiki dawa ya kitanda kile. Utasikia mkono unatafuta mfuko. Siku hiyo nikumbuke, ukaseme kabla ya kula.

Na ukiona kitu hakijawaka, sema. Hata kama daktari ana miwani na sauti nzito, hata kama wote wanakutazama kama Mzee Tluway alivyokutazama. Katika gari lile tulikuwa watu kumi na watatu, watu wazima wenye akili zetu na sifa zetu, na aliyeona kitu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na miaka tisa. Wewe si mzembe, Paska. Hujawahi kuwa mzembe hata siku moja. Mtungi umeufunika. Kalale.

Nimekatizwa hapo. Mama yako amekuja kugonga kioo, anasema namaliza betri kwa kuandikia taa ya dashibodi, kesho tutasukuma gari mbele za wageni. Nikamwambia panda. Akapanda, akakaa pale ulipokuwa unakaa, na nikamwambia yote, kuanzia globu mpaka koti. Akaushika mlango kama anayetaka kushuka, akauachia. Halafu akasema, "Na mimi nilimwambia mtoto funika sufuria mwezi mzima." Akalia. Nami nikalia. Ungetuona ungesema kuna vumbi.

Alipojifuta akaisoma barua hii mpaka hapo juu, akanirudishia. "Nzuri," akasema. "Lakini lile jina hukumpa kwa barua. Ulimpa mbele za watu." Akashuka, akabamiza mlango, ule mlango ambao namkataza kila mtu kuubamiza.

Ana haki, kwa hiyo mpango wangu umebadilika. Nilitaka uisomee hii kwenye basi, ukiwa mbali, nami niko salama nyumbani. Kumbe bado nilikuwa natafuta mfuko! Sasa nitaiweka juu ya begi lako uisome leo ukirudi kutoka kwa bibi. Kesho alfajiri pikapu itajaa, wa mnadani watakuwepo, Mzee Tluway atakuwepo na blanketi lake. Kabla hatujaondoka nitapanda kwenye bampa niwaambie nani alifungua mfuniko na nani alihamisha globu. Naogopa kuliko siku nilipokwenda kumposa mama yako, na siku ile nilimwaga pombe ya wazee. Watanicheka mpaka nitakapozikwa. Wacha wacheke, wamemcheka asiyehusika vya kutosha.

Mfuniko wenyewe nimeufunga kwenye kitambaa, uko pamoja na barua hii. Miaka yote ulikuwa kwenye kopo langu la misumari. Ufanye utakavyo: utupe korongoni, uuweke mezani kwako chuoni, unipige nao kichwani. Ukichagua la mwisho, lenga vizuri.

Kiti cha mbele ni chako. Mzee Tluway atakaa juu ya magunia, apate huo upepo. Nitageuza ufunguo, lakini sitapiga stata. Utaona jicho jekundu limefunguka, maana jana wewe mwenyewe uliiacha globu yake mahali pake. Hapo useme lolote ulilonalo juu yangu, hata liwe baya namna gani, hata kama safari ndiyo kwanza inaanza. Lile jicho halifumbi mpaka niwashe injini, na mimi siwashi mpaka umalize. Basi likituacha, lipo la keshokutwa.

Ile marahaba niliyoandika pale juu nimeirudisha. Nitaisubiri mpaka siku utakayokuwa tayari kunisalimia.

Nakupenda, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako,

Mfuniko